Petroli Iliyochemka Juu ya Kamukuywa

Mara ya kwanza gari liliponizimikia mlimani juu ya soko la Kamukuywa, mama mkwe wangu alikuwa amelala kwenye godoro nyuma ya pikapu, mke wangu ameketi kando yake akimshika mkono, na mimi nilikuwa peke yangu kwenye usukani. Ilikuwa yapata saa nane na nusu mchana. Tulikuwa tumevuka daraja na kuanza kupanda kuelekea Kiminini wakati injini ilipokohoa mara mbili, ikavuta pumzi kama mtu aliyebeba gunia, kisha ikanyamaza. Niliachia gari lirudi nyuma polepole hadi ukingoni, nikavuta breki ya mkono na kuweka jiwe nyuma ya gurudumu.

Tulikuwa tunampeleka mama kwenye kliniki ya macho mjini Kitale. Jicho lake la kushoto lilikuwa limekwisha miaka mingi. La kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, na daktari alikuwa ametuambia waziwazi kwamba ugonjwa huo umekomaa na kuwa mgumu, na kadiri tunavyochelewa ndivyo kuutoa kutakavyokuwa na hatari. Daktari mwenyewe hakuwa wa Kitale. Alikuja siku moja kila mwezi, akapasua, akaenda zake. Wagonjwa walipokelewa hadi saa kumi, na lango likifungwa limefungwa.

Tulifika saa kumi na moja. Askari wa lango alituhurumia, akamletea mama maji ya kunywa, lakini hakuwa na la kutusaidia. Tuligeuza gari, tukamrudisha Kabuchai jioni ile ile.

Msomaji atauliza kwa nini hatukumleta siku moja kabla, alale kwangu, asubuhi apelekwe kliniki taratibu. Mimi naishi nje kidogo ya mji wa Kitale, nina vyumba vya kutosha, na mke wangu ni mtoto wake wa kumzaa. Lakini kwetu mama mkwe halali nyumbani kwa mkwe wake wa kiume. Hawali meza moja, hawapeani mkono, wala hawatazamani usoni. Wakikutana njiani mmoja hupinda. Ziko familia ambazo zimeondoa mwiko huo kwa zawadi na maombi, lakini sisi hatukuwahi, na kwa umri wake mama hakutaka kuanza. Mimi ni mzee wa kanisa, na nimewahi kuulizwa kama mambo hayo si ya giza. Nimejibu kwamba heshima si giza. Huyu mama alinipa binti yake nikiwa sina kitu. Kama heshima anayoijua ni mimi nipinde njia, nitapinda.

Basi ilibidi safari yote iwe ya siku moja. Niondoke Kitale kukiwa na ukungu, niteremke Kiminini, Kamukuywa, Kimilili, hadi kwake Kabuchai kwenye barabara ya vumbi katikati ya miwa. Mama naye haondoki hivi hivi. Nyonga yake ilivunjika miaka ya nyuma ikaunga vibaya, kwa hiyo lazima abebwe na godoro lake, anywe chai kwanza, majirani waje kumuombea, na kila jirani ana maombi marefu. Tunapoondoka jua liko juu. Tulijaribu gari dogo la kukodi mwanzoni kabisa. Dereva alirukia kila tuta, na mama akaapa kwamba heri afe kipofu. Pikapu langu ni kuukuu, la kabureta, lakini lina turubai na linakwenda polepole, naye akalikubali.

Nilipokuwa nimesimama siku ile mbele ya boneti iliyofunguliwa, waendesha bodaboda wawili walipunguza mwendo.

"Mzee, hiyo gari inaenda ama inaombewa?" mmoja akauliza.

"Vyote viwili," nikajibu.

"Basi ongeza maombi. Hapa mlimani hata Mungu hutumia gia ya kwanza."

Mwenzake akamkemea kwamba asimtaje Mungu hivyo mbele ya mtu mzima. Wakaenda wakicheka. Niliendelea kupiga stata mpaka betri ikaanza kuchoka. Nilikaa kwenye nyasi nikijilaumu, na baada ya karibu saa nzima nikajaribu tena, nikiwa sitarajii chochote. Injini ikawaka kama haijawahi kuugua.

Hilo ndilo lililonichanganya. Kitu kilichovunjika hakijiungi chenyewe.

Fundi wangu mjini Kitale ni mtu mzima mwenye watoto wake, hodari, lakini mwepesi wa kushika spana. Nilimweleza yote. Hakuninyima muda, ila alikuwa ameshajua jibu kabla sijamaliza.

"Mzee, hiyo ni koili bana. Koili ikipata joto inalala. Ikipoa inaamka."

"Una hakika?"

"Si nimezifunga hizi gari tangu nikiwa na nywele?"

Akabadilisha koili, kile kifaa kinachopeleka umeme wa cheche kwenye plagi. Akabadilisha plagi pia na kuosha kabureta kwa petroli hadi ikang'aa. Nilizunguka mjini wiki tatu, nikapeleka mboga sokoni, nikaenda kanisani, gari halikukohoa hata mara moja. Nilishukuru. Mwezi uliofuata, siku ya daktari, nikashuka Kabuchai nikiimba.

Lilizima palepale. Labda hatua mia moja juu ya mahali pa kwanza, saa ileile.

Nakiri kwamba siku hiyo sikuomba mara moja. Niliegemeza kichwa kwenye usukani, nikasikia uchungu ukipanda. Mama alikuwa amejiandaa kwa safari ile mwezi mzima. Alikuwa amemwambia mke wangu kwamba haogopi kisu, anaogopa giza, kwa sababu anapokaa gizani anaanza kuwasahau watu nyuso zao, na wa kwanza kumsahau alikuwa marehemu mumewe. Sikutakiwa kuyasikia maneno hayo. Niliyasikia kwa sababu kati ya sehemu ya dereva na ya nyuma kuna kidirisha kisicho na kioo.

Kupitia kidirisha hichohicho nikasikia sauti yake tena.

"Kuna kitu kinachemka chini yangu," alimwambia mke wangu.

"Ni tumbo lako, Mama. Hujala tangu asubuhi."

"Tumbo langu nalijua. Hiki kiko chini ya bati. Kinabubujika kama sufuria. Weka sikio."

Nikamsikia mke wangu akiinama na kulaza sikio kwenye bati. "Kweli," akasema. "Kinabubujika."

Tangi la petroli la gari langu liko nyuma, chini ya sakafu ile ile aliyokuwa amelalia. Nikatulia kusikiliza, lakini nilipokuwa mimi hapakusikika kitu.

"Mwambie mkwe," mama akaendelea, "asikasirike kwa nitakachosema."

"Hatakasirika. Na amekusikia, Mama. Yuko hapo mbele."

"Mimi sijaongea na yeye. Nimeongea na wewe. Mwambie."

Mke wangu akaugeukia mgongo wangu. "Mama anasema usikasirike."

"Mwambie Mama sijakasirika," nikasema, nikiwa nimetazama mbele kama inavyotakiwa.

"Amesema hajakasirika."

Mama akajivuta kwenye godoro. Kisha akasema kwamba kabla hajaokoka alikuwa akipika chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji. Mke wangu akamkatiza, "Mama, ya zamani hayo ya nini leo barabarani?" lakini mama hakusimama. Alisema alipika miaka ile kabla watoto hawajakua, na kwamba kazi yote ya chang'aa iko kwenye bomba. Mvuke unatoka kwenye pipa, unaingia kwenye bomba, na bomba linapita kwenye maji baridi ndipo mvuke unageuka kuwa matone. Lakini ukilaza bomba karibu na moto, hutapata tone. Litatoka joto tupu na mlio wa kububujika, na utakaa na chupa yako mpaka jua lizame.

"Mwambie mkwe gari lake lina bomba linalopita karibu na moto," alimaliza. "Kile kitu kinageuka mvuke kabla hakijafika. Amwagie maji baridi."

Kwa miaka mingi nimesimama katika kanisa lao kule Kabuchai kama mgeni, nikihubiri dhidi ya pombe ile, na yeye ameketi nyuma kabisa, mbali nami kama mila inavyotaka, akiitikia amina. Sikujua. Mke wangu alikuwa akijua na hakuniambia, na sikumlaumu. Niliketi pale na kuona ni kiasi gani kilichomgharimu mama kusema vile mbele ya mkwe ambaye ni mzee wa kanisa. Alitaka kuona. Aibu aliiweka kando kama mtu anayevua viatu ili avuke mto.

"Mwambie Mama asante," nikasema. "Mwambie naenda kutazama."

Nilishuka na kufuata mpira wa petroli kwa macho na kwa kidole, kuanzia chini ya gari unakotokea tangini hadi kwenye pampu iliyofungwa ubavuni mwa injini. Nilikuwa nimeutazama mara nyingi bila kuuona. Ulikuwa mrefu kuliko inavyohitajika, umelegea, na kabla ya kufika kwenye pampu ulikuwa umelalia karibu kabisa na bomba la moshi, pale linapotoka kwenye injini likiwa bado moto wa kuunguza. Sikuthubutu kufungua kitu chochote, kwa sababu petroli na chuma cha moto si vitu vya kukutanishwa. Mke wangu akanipa leso yake. Nikailoweka kwa maji ya kunywa tuliyobeba, nikaikamua kidogo, nikaizungushia pampu na ule mpira. Mvuke ukapanda kutoka kwenye kitambaa. Nikalowesha tena, na tena.

Baada ya robo saa injini iliwaka. Mara ya kwanza nilikuwa nimesubiri karibu saa nzima.

Hata hivyo muda ulikuwa umekwisha. Tulipofika Kitale lango lilikuwa limefungwa, na muuguzi aliyetoka akatuambia kwamba daktari atarudi mara moja tu zaidi, mwezi ujao, na baada ya hapo hatakuja hadi mwaka mpya. Mama alisikia.

Usiku ule niliweka nia. Niliomba, na sikuomba gari lipone. Niliomba nipewe subira ya kulielewa, kwa sababu niliona nimekuwa nikitibu ugonjwa nisioujua jina. Kesho yake nikaenda kwa fundi.

"Petroli inachemka kwenye mpira," nikamwambia.

Alicheka, lakini kwa heshima. "Mzee, petroli ikichemka si gari itakuwa imelipuka?"

"Inachemka bila kuwaka. Mama mkwe ameisikia."

"Mama mkwe ndiye fundi sasa?"

"Ndiye."

Akaniangalia kuona kama natania. Akaona sitanii. Nikamwomba kitu kimoja tu: akate mpira karibu na pampu na kuunga hapo kipande cha paipu inayoonyesha ndani, ile ya kufaa petroli, ili tuone kinachopita. Akakubali, nadhani ili anithibitishie makosa yangu. Nikapakia nyuma magunia mawili ya mahindi, uzito wa mama na mke wangu pamoja na godoro, na adhuhuri tukashuka wote wawili hadi Kamukuywa. Tukasimama pale sokoni dakika ishirini, injini imezimwa, boneti imefungwa, jinsi tulivyokuwa tukisimama kila safari mama akitaka maji. Kisha tukapanda.

Hatukumaliza mlima. Gari lilikohoa, likazima. Fundi akaruka chini kabla sijavuta breki, akafungua boneti, akainama juu ya kile kipande cha paipu. Nikamwona akitoa kofia.

"Mzee, njoo uone."

Ndani ya paipu hakukuwa na petroli. Kulikuwa na mapovu yanayotembea nyuma, kuelekea tangini, moja baada ya jingine. Ndiyo aliyoyasikia mama.

Yale tuliyoyaelewa pale kando ya barabara ni haya. Petroli huchemka kwa joto dogo kuliko maji. Pampu ya gari langu inanyonya petroli kutoka nyuma, na kitu kinachonyonywa huchemka upesi kuliko kinachosukumwa. Huku kwetu tulipo juu, hewa ikiwa nyepesi, huchemka upesi zaidi. Pampu inajua kuvuta kioevu. Ikikuta mvuke inaubana na kuuachia, inaubana na kuuachia, wala hakuna kinachosogea, kama mtu anayenyonya uji kwa mrija uliotoboka. Gari linapokwenda, upepo unapoza. Ukisimama kidogo, feni imesimama na upepo hakuna, joto lote la injini linapanda na kutulia chini ya boneti, na hapo ndipo petroli iliyolala kwenye mpira inapoiva. Magari ya siku hizi yana pampu ndani ya tangi na husukuma badala ya kunyonya, ndiyo maana mafundi wengi hawajakutana na ugonjwa huu.

"Nilikuuzia koili bila sababu," fundi akasema.

"Koili ya zamani ilikuwa imechoka pia," nikamwambia, ingawa sikuwa na hakika.

Ndipo aliposhika kitu mbele ya radieta na kuuliza, "Na hii katoni ni ya nini?"

Hapo aibu ilikuwa yangu. Sisi wa Kitale asubuhi zetu zina baridi, na wengi wetu wenye magari ya zamani tunaweka katoni au kipande cha gunia mbele ya radieta ili injini ipate joto haraka. Mimi nilikuwa nimeifunga ya kwangu kwa waya msimu wa baridi, na kwa kuwa kila siku natoka alfajiri, sikuitoa tena. Mjini sikuhisi tofauti. Lakini nilikuwa nashuka nayo hadi Kabuchai, kwenye joto la miwa, halafu napanda mlima mchana nikiwa nimelivisha gari blanketi. Miezi miwili nilimlaumu fundi, nikalaumu koili, nikamlaumu adui shetani katika maombi. Katoni niliifunga kwa mikono yangu.

Tulifanya kazi siku mbili. Tulitoa katoni, tukaosha radieta ambayo nusu yake ilikuwa imejaa makapi ya mahindi. Tukakata mpira wa petroli kwa kipimo chake, tukaupitisha upande wa pili, mbali na bomba la moshi, tukaubana kwa klipu usilegee. Fundi akakata kipande cha bati, akakikunja na kukifunga katikati ya bomba la moshi na pampu, kama mtu anayeweka kiganja kukinga uso na moto. Kile kipande cha paipu tulikiacha mahali pake. Kisha nikarudisha magunia yale mawili, tukashuka Kamukuywa adhuhuri, tukasimama dakika ishirini na kupanda. Gari likapanda. Nikarudi siku ya pili na ya tatu. Siku ya tatu, jua likiwa kali kuliko zote, kulitokea mapovu machache kwenye paipu na injini ikasita mara moja kabla ya kuendelea. Fundi akasema limepona. Mimi nikasema limepata nafuu, na mtu aliyepata nafuu hutunzwa.

Siku ya daktari niliondoka saa kumi alfajiri. Nilikuwa nimemwomba mchungaji wa kule Kabuchai amwombee mama kwa niaba ya majirani wote kwa sala moja, naye akawaelewesha, ingawa bibi mmoja alifuata gari hadi kwenye lami akimalizia sala yake. Tuliondoka kabla ya saa nne. Nikaona tumeshinda.

Kamukuywa ilikuwa siku ya soko, na lori la miwa lilikuwa limekatika ekseli karibu na daraja. Magari yalipanga foleni pande zote mbili. Tulikaa pale tukisogea hatua mbili, tukisimama, jua likipanda, joto likipanda, na dakika zikawa saa, na saa ikapita. Nilizima injini kila tuliposimama na kufungua boneti, watu wakinishangaa. Tulipovuka hatimaye ilikuwa inaelekea saa nane.

Nilianza kupanda. Karibu na mahali pale pa siku zote injini ikasita.

Nyuma yangu mke wangu alisema, "Usisimame. Sukuma tu, tutafika." Moyo wangu pia ulitaka kukanyaga mafuta, kwa kuwa muda ulikuwa mfupi na kila mtu mwenye akili angesema sukuma. Lakini nilikuwa nimeshajifunza kwamba kusukuma ndiko kunakoliua: injini inazidi kuomba, pampu inazidi kunyonya, petroli inazidi kuchemka. Nilitoka barabarani kwa hiari yangu, gari likiwa bado linanguruma, nikasimama chini ya mikaratusi penye upepo.

"Unafanya nini?" mke wangu akauliza.

"Nalipumzisha dakika kumi."

"Dakika kumi hatuna."

"Tukizimikiwa tutapoteza saa nzima."

Mama akasema kutoka kwenye godoro, "Mwache. Anayepika ndiye anayejua moto wake."

Nikafungua boneti. Nilikuwa nimebeba dumu zima la maji safari hii na vitambaa viwili. Nikafunika pampu na mpira, nikatazama paipu. Mapovu yalikuwa yakipita, makubwa, kisha madogo. Sijawahi kuona dakika kumi ndefu namna ile. Nilisimama pale na saa mkononi nikirudia sala moja fupi. Mapovu yakawa mojamoja, kisha petroli ikajaa paipu, safi, imetulia. Nikafunga boneti, nikawasha, tukapanda polepole kwa gia ya pili, na gari halikusita tena hadi Kitale.

Tuliingia langoni ikiwa imebaki robo saa kufika saa kumi. Mke wangu na wauguzi wawili walimbeba mama ndani na godoro lake. Mimi nilibaki mbele ya gari nikiwa nimegeuza uso, na nilipojua wameingia nikakaa chini pale pale penye kivuli cha gurudumu.

Walimpasua jioni ile. Alilala kliniki, na mke wangu alilala kando yake. Asubuhi walipomfungua bendeji, mke wangu aliniambia, hakulia wala hakupiga kelele. Alimtazama muuguzi kwa muda, akamuuliza, "Wewe ni mdogo hivi na ndiye uliyenishika kichwa?" Kisha akamtazama binti yake na kumwambia amekonda.

Nilipoleta gari mlangoni mke wangu alitoka mbele akiwa na shuka. Akalitundika kwenye kile kidirisha nyuma ya mgongo wangu. Nikamuuliza ni la nini, maana safari zote tulikwenda bila.

"Mama anasema sasa anaona," akajibu. "Haifai akuone kisogo."

Tulishuka taratibu. Safari hii hakutaka kulala. Walimwegemeza kwenye magunia, turubai limekunjwa upande mmoja, na tangu Kiminini nilimsikia akizungumza bila kupumzika. Alitaka kujua nyumba ya ghorofa ile imejengwa lini. Alisema mahindi ya mtu fulani yamepandwa karibu karibu na hayatazaa. Alihesabu ng'ombe. Tulipovuka Kamukuywa na kuingia upande wa Bungoma, miwa ikaanza, na pale penye uwazi Mlima Elgon ukatokea wote, bila wingu.

Akagonga bati la paa mara mbili.

"Mama anasema usimame," mke wangu akasema nyuma ya shuka.

Ilikuwa adhuhuri, jua liko juu, na injini ilikuwa moto. "Mwambie Mama tukisimama hapa petroli itachemka," nikasema. "Tutakaa."

Nikamsikia akipeleka maneno, kisha akirudisha.

"Anasema tukae."

Nikasogea kando ya barabara, nikazima gari, nikaenda kufungua boneti.